Duara la Uwazi na Kilichokuwa Ndani ya Chupa

Nilipoitoa kwenye inkubeta asubuhi ile, sahani ya agari, ile jeli ya kuoteshea vijidudu, ilikuwa imefunikwa na utando wa bakteria wa Escherichia coli wenye rangi ya maziwa yaliyozimuliwa, isipokuwa kuzunguka kisima kimoja nilichokuwa nimekitoboa na kukijaza kampaundi yangu mpya. Hapo palikuwa na duara la uwazi, safi kiasi kwamba ningeweza kusoma kupitia kwake namba niliyokuwa nimeiandika chini ya sahani. Nilipima kipenyo chake mara tatu kwa rula, nikapiga picha, nikaanza kutunga kichwani aya ya kwanza ya ripoti. Ilinichukua miezi kadhaa kukiri kwamba duara lile lilikuwa la kweli kabisa, ila kampaundi niliyoisifia haikuwa ndiyo iliyolichora.

Kampaundi yenyewe ilikuwa ya kundi linaloitwa besi za Schiff, kwa jina la Hugo Schiff, mwanakemia aliyezieleza mwaka 1864. Ukichukua amini ya daraja la kwanza, yaani kampaundi yenye naitrojeni iliyobeba haidrojeni mbili, na aldehidi, yaani kampaundi yenye kaboni iliyoshikana na oksijeni kwa kifungo maradufu, naitrojeni ya amini huishambulia kaboni ya aldehidi, molekuli moja ya maji hutoka, na kinachobaki ni kifungo maradufu kati ya kaboni na naitrojeni, ambacho wanakemia hukiita imini. Mmenyuko huu hupendwa mno na watafiti wanaoanza, na sababu zake si za kuonea haya: vitendanishi hupatikana kwa urahisi, kazi huisha kwa saa chache, na mazao mara nyingi hujitokeza yenyewe kama fuwele nzuri za manjano au za rangi ya chungwa. Majarida yamejaa besi za Schiff zinazotajwa kuwa na uwezo wa kuua bakteria na kuvu. Mimi nami nilizisoma makala hizo nyingi, na sasa nikizirudia huangalia kwanza jambo moja ambalo zamani sikuliangalia kabisa, yaani kama mwandishi aliipima amini na aldehidi alizoanzia, kwenye sahani ileile, siku ileile.

Amini niliyoichagua ilikuwa salfanilamidi na aldehidi ilikuwa salisilaldehidi. Nilipima gramu 1.72 za ile ya kwanza na gramu 1.22 za ile ya pili, yaani milimoli 10 za kila moja, nikaziyeyusha katika ethanoli iliyopashwa moto, nikadondosha matone machache ya asidi asetiki isiyo na maji ili kuuharakisha mmenyuko, kisha nikaacha mchanganyiko uchemke chini ya kondensa kwa saa tatu. Asidi hiyo ina kiasi chake: ikiwa kidogo mno kundi la hidroksili haling'oki kwa urahisi, na ikiwa nyingi mno amini hushikwa na protoni na kupoteza jozi ya elektroni ambayo ndiyo silaha yake. Rangi ya manjano ilitokea mapema, na nilipoiacha chupa ipoe polepole usiku kucha nilikuta asubuhi chini yake pamejaa sindano ndogo zinazometa. Baada ya kuchuja, kuosha kwa ethanoli baridi na kusafisha kwa kuzifuwelisha upya, nilibaki na gramu 2.30 kati ya gramu 2.76 zilizowezekana kinadharia. Asilimia 83 si haba.

Kuzitengeneza fuwele ni sehemu fupi ya kazi hii. Sehemu ndefu ni kuthibitisha kwamba ulichotengeneza ndicho ulichokusudia, na kwamba hakuna kitu kingine kilichojificha humo. Kipimo cha kwanza, na cha bei ndogo kuliko vyote, ni kromatografia ya tabaka jembamba: unadondosha nukta ya vitendanishi na nukta ya zao kwenye bamba la silika, unaliacha lipandwe na kiyeyushi, kisha unalitazama chini ya taa ya mwanga wa urujuanimno wa nanomita 254. Nukta moja inatia moyo, lakini besi za Schiff zina ujanja wao hapa, kwa sababu silika yenyewe ina asidi kidogo na unyevu, na inaweza kuivunja imini njiani, hivyo ukaona nukta tatu ilhali ndani ya chupa mna kitu kimoja. Ndiyo maana naiheshimu zaidi halijoto ya kuyeyukia. Kitu safi huyeyuka katika mwanya mwembamba wa nyuzi moja au mbili, na uchafu huishusha halijoto hiyo na kuutanua mwanya wake. Fuwele zangu ziliyeyuka kwa mkupuo, na juu zaidi ya nyuzi 165 ambazo salfanilamidi huyeyukia, jambo lililoonyesha kwamba sikuwa nimefuwelisha tena kitu nilichoanza nacho.

Kisha yakafuata mashine. Katika spektra ya infraredi nilitafuta vitu viwili: kutoweka kwa mfyonzo wa kaboni na oksijeni wa aldehidi, na kutokea kwa mfyonzo wa imini katika eneo la kati ya 1600 na 1650 kwa sentimita. Eneo hilo lina msongamano, kwa kuwa pete za benzini nazo hufyonza karibu na hapo, na mtu anayependa matokeo yake anaweza kuona humo lolote analolitaka. Kwa hiyo naichukulia infraredi kama shahidi wa pembeni. Mifyonzo miwili ya kundi la salfonili, karibu na 1330 na 1150, ilikuwepo kama ilivyotarajiwa.

Shahidi mkuu alikuwa NMR, yaani spektroskopia ya mwangwi wa sumaku wa viini. Mashine hii huusikiliza mwitikio wa viini vya haidrojeni vinapowekwa ndani ya uga mkali wa sumaku, na kila haidrojeni hujieleza kulingana na majirani zake. Katika kiyeyushi cha DMSO kilichobadilishwa haidrojeni zake kwa diuteri, yaani haidrojeni nzito, kilele kimoja kisichogawanyika kilisimama karibu na 9.0 ppm, kipimo cha mahali pa kilele kwenye spektra, mahali pa haidrojeni iliyo kwenye kaboni ya imini. Mbali kabisa upande wa kushoto, kupita 12 ppm, palikuwa na kilele cha hidroksili ya fenoli, ambayo husukumwa huko kwa sababu imeshikana na naitrojeni ya imini kwa kifungo cha haidrojeni ndani ya molekuli ileile. Haidrojeni mbili za salfonamidi zilitoa kilele kipana karibu na 7.4. Kilele cha aldehidi, ambacho kingetarajiwa kupita 10 kidogo, hakikuwepo, wala kile cha amini huru ya salfanilamidi karibu na 5.8. Spektrometa ya uzito wa molekuli nayo ilinipa 277.064 kwa molekuli iliyopachikwa protoni moja, sawasawa na hesabu ya C13H12N2O3S. Kwa vipimo vyote hivyo, chupa yangu ilikuwa na kitu nilichoandika kwenye lebo, na mpaka leo sina shaka na hilo.

Wapo wanaodhani ubainishaji wa namna hii ni urasimu wa majarida. Hao huwaelekeza kwenye habari ya Salvarsan. Dawa hiyo ya kaswende, kampaundi namba 606 katika maabara ya Paul Ehrlich, ilionyeshwa na Sahachiro Hata mwaka 1909 kwamba inaponya wanyama walioambukizwa, na mwaka uliofuata ikaanza kuuzwa. Ehrlich aliichora kama molekuli yenye atomi mbili za aseniki zilizounganishwa kwa kifungo maradufu, na mchoro huo ukaingia vitabuni. Ni mwaka 2005 tu ambapo spektrometa ya uzito ilionyesha kwamba ni mchanganyiko wa pete, zilizo nyingi zikiwa na atomi tatu au tano za aseniki. Watu walitibiwa kwa miongo kadhaa na dawa ambayo umbo lake halisi halikuwa limejulikana.

Mimi nilikuwa na umbo sahihi, na bado nilikosea. Kosa langu lilianzia pale nilipoitoa kampaundi kwenye chupa kavu na kuipeleka kwenye sahani yenye maji.

Upimaji wenyewe niliufanya kwa utaratibu unaojulikana. Bakteria walipunguzwa hadi ukungu wao ulingane na kipimo cha 0.5 cha McFarland, ambacho ni kama seli milioni 150 kwa mililita, wakapakwa kwa pamba juu ya agari ya Mueller-Hinton, na kampaundi ikayeyushwa katika DMSO kabla ya kutiwa kisimani. Kisima cha jirani kilikuwa na DMSO peke yake, kingine kilikuwa na antibiotiki inayofahamika. Nilijiona mwangalifu. Nilichokosa ni visima viwili tu, kimoja cha salfanilamidi na kimoja cha salisilaldehidi, na nilivikosa kwa sababu sikufikiri kwamba vingekuwa na la kusema.

Hapa niseme neno kuhusu kipenyo cha duara, kwa sababu ndicho watu wengi hukikimbilia. Duara hupanuka kadiri dawa inavyosambaa ndani ya agari, na kusambaa kunategemea ukubwa wa molekuli na jinsi inavyopatana na maji. Kampaundi yenye mafuta mengi inaweza kuwa kali kweli na ikatoa duara finyu kwa kuwa imekwama karibu na kisima. Kulinganisha milimita 14 za kampaundi moja na milimita 18 za nyingine, kisha kuipa ya pili ushindi, ni sawa na kuwapima wakimbiaji wawili walioanzia mistari tofauti. Kipimo chenye maana zaidi ni kiwango cha chini kabisa kinachozuia ukuaji, kinachopatikana kwa kuipunguza kampaundi nusu kwa nusu katika mchuzi wa virutubisho ndani ya bamba la visima 96, kila kisima kikiwa na seli kama 500,000 kwa mililita, na kusoma matokeo baada ya saa 16 hadi 20 kwenye nyuzi 35.

Nilipofanya kipimo hicho ndipo shaka iliponiingia. Safari hii niliongeza salfanilamidi, kwa bahati tu, kwa kuwa nilikuwa na safu moja ya bamba iliyobaki tupu. Kwa hesabu ya uzito, kampaundi yangu ilionekana dhaifu kidogo kuliko salfanilamidi. Kwa hesabu ya moli, zilikuwa sawasawa. Idadi ileile ya molekuli, athari ileile. Mtu mwenye matumaini angesema kwamba kuunganisha aldehidi hakukuharibu kitu. Lakini salfanilamidi hufanya kazi kwa kujifanya asidi ya para-aminobenzoiki, kiungo ambacho bakteria hukihitaji ili watengeneze foleti; huingia mahali pake kwenye kimeng'enya na kukizuia. Sisi binadamu hupata foleti kwenye chakula, ndiyo maana dawa hizi hutupita bila madhara ya aina hiyo. Na ili udanganyifu huo ufanikiwe, amini ile ya kwenye pete lazima iwe huru. Katika kampaundi yangu amini hiyo ilikuwa imefungwa ndani ya imini. Kinadharia, haikupaswa kufanya kazi kwa njia hiyo hata kidogo.

Jibu lilikuwa ndani ya mmenyuko wenyewe. Imini huzaliwa kwa kutoa maji, na ukiirudishia maji, hurudi ilikotoka. Nililijua hilo tangu mwaka wa pili wa masomo, nikalijibu kwenye mitihani, na bado halikunijia nilipokuwa nimeshika pipeti. Nikarudi kwenye NMR, nikayeyusha fuwele upya, nikaongeza matone ya maji mazito, yaani maji yenye diuteri badala ya haidrojeni ya kawaida, na kuiacha mirija kwenye joto la inkubeta. Sikuweza kukifuatilia kilele cha 5.8, kwa sababu haidrojeni za amini hubadilishana na diuteri na kilele chake hufutika. Nilikifuatilia kile cha 6.6, cha haidrojeni za pete zilizo jirani na amini huru ya salfanilamidi. Saa za mwanzo kilikuwa mkwaruzo tu juu ya mstari. Kesho yake kilikuwa kilele, na mwenzake wa aldehidi alikuwa amechomoza kupita 10. Katika mchuzi wa virutubisho, ambako maji ndiyo karibu kila kitu, hali haiwezi kuwa afadhali.

Bado hiyo ilikuwa hoja ya kikemia tu, nami nilitaka bakteria wenyewe watoe ushahidi. Mwaka 1940 Donald Woods alionyesha kwamba asidi ya para-aminobenzoiki huiondolea salfanilamidi nguvu yake, na ugunduzi huo unampa mtafiti wa leo jaribio rahisi ajabu. Niliandaa sahani za aina mbili, moja ya kawaida na nyingine iliyochanganywa na asidi hiyo. Kwenye ya kawaida salfanilamidi na kampaundi yangu zilitoa maduara yaliyokaribiana. Kwenye ya pili, yote mawili yalitoweka, isipokuwa ukingo mwembamba kuzunguka kisima cha kampaundi yangu, wenye upana uleule uliokuwa kwenye kisima cha salisilaldehidi peke yake, kwani aldehidi hiyo nayo ina ukali wake mdogo kwa bakteria. Nilikuwa nimegundua upya dawa ya miaka ya 1930, pamoja na harufu ya aldehidi.

Sikuwa wa kwanza, na wenzangu katika kosa hili ni watu wakubwa. Mwaka 1932 Josef Klarer na Fritz Mietzsch walitengeneza rangi nyekundu ambayo Gerhard Domagk aliijaribu kwa panya walioambukizwa bakteria wa streptokoka, na panya wakapona. Rangi hiyo, Prontosil, ilitangazwa mwaka 1935. Jambo lililowatatiza watu ni kwamba haikuwafanya bakteria lolote ndani ya mirija ya kioo. Kabla mwaka huo haujaisha, kundi la Taasisi ya Pasteur mjini Paris, lililokuwa na Jacques na Thérèse Tréfouël, Federico Nitti na Daniel Bovet, lilionyesha kwamba mwili huikata molekuli ile vipande viwili, na kipande kinachoponya ni salfanilamidi, kitu kisicho na rangi ambacho Paul Gelmo alikuwa ameshakitengeneza mwaka 1908 bila kujua faida yake kitabibu. Domagk alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1939, serikali ya Wanazi ikamlazimisha kuikataa, na nishani yake akaja kuipokea mwaka 1947. Tofauti yangu na yao ni kwamba Prontosil iliponya watu.

Jaribio la mwisho lilikuwa la kufunga mlango. Nilichukua sehemu ya fuwele za manjano, nikaziyeyusha katika methanoli na kuongeza sodiamu borohaidraidi kidogo kidogo. Rangi ilififia machoni pangu mpaka kimiminika kikawa cheupe kama maji. Kifungo maradufu cha imini kilikuwa kimegeuka kifungo cha kawaida. Katika NMR kilele cha 9.0 hakikuwepo tena, na mahali pake palikuwa na haidrojeni mbili za kaboni ya kati, karibu na 4.3. Kampaundi hii ina atomi zote za ile ya awali pamoja na haidrojeni mbili zaidi, ila maji hayawezi kuivunja. Niliiweka kwenye sahani kwa kiwango kilekile. Utando wa bakteria ulifika mpaka ukingoni mwa kisima.

Niliipiga picha sahani hiyo pia, na kusema kweli naithamini kuliko ile ya kwanza.

Kuna watakaouliza kama imini basi hazina maana. Hapana. Zipo ambazo hudumu vizuri ndani ya maji, hasa zinaposhikwa na metali kama shaba au zinki, na zipo kampaundi ambazo kuvunjika kwake polepole ndiko faida yake. Ninachokikataa ni jedwali la kampaundi 12 za Schiff zilizotengenezwa kwa aldehidi 12 tofauti na amini moja yenye nguvu, likifuatwa na maelezo marefu kuhusu jinsi klorini au kundi la naitro kwenye pete linavyoongeza ukali, ilhali hakuna mahali popote amini yenyewe ilipopimwa. Huenda tofauti zinazoelezwa kwa ustadi hivyo ni tofauti za kasi ya kuvunjika tu. Hata michoro ya kompyuta inayoonyesha molekuli nzima ikiwa imekaa vizuri ndani ya kimeng'enya hainishawishi tena, kwa kuwa kompyuta huiweka molekuli uliyoichora, wala haiulizi kama molekuli hiyo ilifika hapo ikiwa nzima.

Nimehamia kwenye hidrazoni, ambazo ni ndugu wa imini lakini zina naitrojeni ya pili iliyo jirani na kifungo maradufu, na jozi yake ya elektroni huifanya kaboni isiwe na njaa ya maji kwa kiwango kile. Hidrazidi niliyoanza nayo nimeipima mapema na haiwagusi bakteria; aldehidi nayo vilevile. Kampaundi ya kwanza ya kundi hili ina rangi ya krimu, haimeti hata kidogo, na iliyeyuka katika mwanya wa nyuzi moja na nusu. Sijaiweka kwenye sahani bado. Mrija wake wenye matone ya maji mazito uko kwenye inkubeta kwa siku ya tano sasa, na jana nilipousoma tena, kupita 10 ppm hapakuwa na kitu.